Yai Lisilo na Baba

Kabla sijamwona yeye wala nyumba yake, nilisikia upepo ukifyatuka nyuma ya uzio wa minyaa, sauti ileile ya lori linapoachia breki. Isaka imejaa sauti hiyo. Malori ya mizigo ya Rwanda na Burundi yanaitoa mchana kutwa, na mtu akishazoea mji anasogea pembeni bila hata kugeuka. Nikasogea pembeni. Hakuna lori lililopita. Upepo ukafyatuka tena, karibu zaidi, usawa wa magoti yangu, kisha kwenye uwazi wa uzio akatokea bata dume, mkubwa kuliko bata wote niliowahi kuwaona, uso umejaa vipele vyekundu, shingo anaipeleka mbele na kuirudisha, mdomo wazi, anafoka.

"Usimkimbie!" sauti ya mwanamke ikasema kutoka uani. "Ukimkimbia leo, atakukimbiza mpaka siku unahama."

Nilikuwa nimekuja kuulizia chumba. Nilipata kazi ya ukarani bandari kavu, na watu wa kituoni walinielekeza kwa Mwalimu. Hawakuniambia jina, na mimi sikuwahi kulitumia miaka yote niliyokaa kwake. Alikuwa Mwalimu kwa wauza maji, kwa padri, kwa madereva waliokuja kununua bata wa kupeleka kwao. Na mimi nilikuwa Mpangaji. Aliniita hivyo hata baada ya kuacha kunidai chochote zaidi ya kumsaidia kunyonyoa manyoya siku za Jumamosi.

Alifundisha Baiolojia katika shule za sekondari, kwanza upande wa Geita, baadaye vijijini Shinyanga, na alipostaafu akajenga Isaka. Nilimuuliza kwa nini Isaka, mji wenye vumbi usio na mto wala ziwa, tena kwa mtu anayefuga bata.

"Hapa kila mtu anapita," alisema. "Hakuna anayekaa kuuliza."

Maji yake yaliletwa kwa mkokoteni. Aliyamimina kwenye birika pana la saruji alilolijenga mwenyewe, na bata waliogelea humo kwa zamu. Alivaa buti za mpira chini ya kitenge, kitenge hata kiwe kipya namna gani. Mfukoni alikuwa na kipande cha chaki, tabia iliyobaki ya darasani, na mlango wa banda la bata ulikuwa ubao wake.

Kwenye ubao huo ndipo aliponifundisha somo ambalo sijalisahau. Siku hiyo nilisimama kando ya birika nikamwona dume mmoja akimpanda jike ndani ya maji. Alimng'ata kisogoni, akamlalia, jike akazama mpaka ikabaki ncha ya mdomo wake juu. Kabla hajamaliza, dume wa pili akaja kumsukuma yule wa kwanza. Nikaokota fimbo.

"Weka chini hiyo," Mwalimu alisema.

"Mwalimu, watamuua."

"Wakati mwingine wanaua kweli. Leo hapana. Njoo nikuoneshe anavyojiokoa."

Akachora kwenye mlango. Kwanza kitu kilichojisokota kama skrubu. "Hiki ni cha dume. Ndege wengi hawana, bata anacho. Kinazunguka upande huu." Kisha akachora njia ndefu iliyojisokota nayo. "Hii ni ya jike. Tazama inazungukia wapi."

"Upande mwingine."

"Upande mwingine. Na hapa, na hapa, kuna vichochoro visivyofika popote. Asiyetakiwa akiingia kwa nguvu anapotelea humo."

"Na anayetakiwa?"

"Huyo jike anatulia, anamlegezea, anapita." Akafuta chaki kwa kiganja. "Hana nguvu za kumkataa dume juu, Mpangaji. Kwa hiyo anamkatalia ndani."

Alilisema hilo kwa furaha kali iliyonifanya nimtazame mara mbili. Mama Shija, jirani yetu, alikuwa anapita na ndoo kichwani.

"Mwalimu, unamfundisha mpangaji mambo gani hayo mchana kweupe?"

"Ya kanisani, Mama Shija."

"Basi na mimi Jumapili nakaa mbele!"

Walicheka wote wawili mpaka maji ya ndoo yakamwagika. Lakini mimi nilibaki nikitazama mlango uliofutwa, kwa sababu uso wa Mwalimu, alipogeuka kutoka kwa Mama Shija, haukuwa na kicheko hata kidogo.

Watu wengi hukasirika halafu wakapoa. Hasira yake ilikuwa na adabu. Iliamka naye, ikanawa uso, ikavaa buti. Hakupiga kelele. Hakusengenya. Hakuwahi kumtukana mtu mbele yangu. Ukimkosea kidogo, alikusamehe kabla hujamaliza kuomba. Alikuwa na hasira moja tu na alikuwa ameitunza yote kwa mtu mmoja.

Kanisani ndipo nilipoiona kwanza. Alikuwa mtu wa Misa, hakosi, anaimba sauti ya pili vizuri. Tulipofika kwenye Baba Yetu alisali pamoja nasi mpaka mahali pa kusamehe waliotukosea. Hapo alifunga mdomo. Waumini wote walipita juu ya ukimya wake, na akajiunga nasi tena kwenye kishawishi, sauti safi, kama mtu aliyeruka mfereji. Nilidhani amekohoa. Jumapili iliyofuata nikasikiliza. Ikawa vilevile, na iliyofuata.

"Mwalimu, kuna sehemu huisali."

"Naijua."

"Padri anajua?"

"Padri nilimwambia mwenyewe. Nikamwambia, Baba, sisemi uongo kanisani."

"Akasemaje?"

"Akasema ananiombea. Nikamwambia asante, lakini aombe taratibu, sina haraka."

Kisa chenyewe alinipa vipande vipande, kila mara tukinyonyoa. Manyoya ya bata hayatoki kama ya kuku. Unachovya kwenye maji ya moto, unavuta, yanabaki mengine madogo madogo yaliyong'ang'ania ngozi, na hayo yanataka vidole na subira. Labda ndiyo maana alizungumza wakati huo.

Alipokuwa mwalimu kijana Nyarugusu, kwenye machimbo ya Geita, aliolewa na mtu mwenye duara, yaani shimo lake mwenyewe la dhahabu, na duara hilo wakati ule lilikuwa linatoa. Watu walimwamkia yule bwana barabarani hata waliomzidi umri. Nyumba ilikuwa na kila kitu isipokuwa mtoto. Miaka ikaenda. Mwalimu akaenda hospitali, akapimwa, akaambiwa hana tatizo, mwambie mumeo naye aje. Akarudi nyumbani akamwambia.

"Alicheka," Mwalimu alisema, akivuta manyoya. "Akasema, mwanaume anapimwa kwa kazi, hapimwi kwa kichupa."

Baadaye bwana huyo aliita wazee wa pande mbili. Akasimama mbele yao, mbele ya baba yake Mwalimu na wajomba, akasema kwa lugha ya machimboni: "Wazee wangu, nimechimba miaka yote hii. Nimefika chini kabisa. Hili ni duara kavu."

Wanaume walicheka. Hata wa upande wa Mwalimu, wawili watatu walicheka, kwa sababu neno lilikuwa zuri na aliyelisema alikuwa na dhahabu.

Kisha akadai ng'ombe wake wa mahari. Baba yake Mwalimu alikuwa mzee wa Kisukuma mwenye heshima zake. Angeweza kumtuma mtu awaswage. Aliwaswaga mwenyewe. Na siku yenyewe ikaangukia siku ya mnada, kwa hiyo akapita nao katikati ya watu wote wanaomjua, mchana, akirudisha mahari ya binti aliyerudishwa.

"Alikuwa anawaita kwa majina," Mwalimu aliniambia. "Kila ng'ombe na jina lake, taratibu, kama anawapeleka lamboni kunywa maji. Watu walinyamaza. Tangu siku ile baba hakukanyaga mnadani mpaka tunamzika."

Aliweka bata kwenye beseni, akanawa mikono.

"Watu wanafikiri namtakia kifo yule bwana. Sitaki afe. Nataka aseme. Kwa mdomo wake, mbele ya watu, kama alivyosema siku ile. Aseme tatizo lilikuwa nani."

Nilikuwa nimeshasikia kwa Mama Shija kwamba baada ya Mwalimu yule bwana alioa tena, akamrudisha. Akaoa mwingine, akamrudisha. Kila mmoja akaitwa duara kavu. Duara lake halisi nalo likaacha kutoa, akahama machimbo, akaanza kilimo na ufugaji huko huko Geita. Hakuna mtoto aliyezaliwa.

Ajabu ya Mwalimu ni kwamba mtu mwenye moto wa namna hiyo alikuwa na mikono laini kuliko wote niliowahi kuishi nao. Vifaranga aliwakatia majani membamba kama nywele. Mwewe akichukua mmoja, aliomboleza na chakula hakikupita. Bata jike akikaa kuatamia alimwekea maji karibu ili asitoke kwa kiu, na alitembea kwa ncha za buti, na mimi nilikatazwa redio. Halafu Jumamosi ikifika alichinja madume huku akiimba nyimbo za Bikira Maria. Yule dume wa uzioni, mwenye uso mwekundu, alimwita Mheshimiwa. "Anafoka, anapanda, anakula," alisema. "Kazi za mheshimiwa."

Mayai aliyapima kwa mwanga. Tuliingia stoo mchana, tunafunga mlango kuwe giza, anawasha tochi ya simu na kuliweka yai juu yake. Yai lenye uhai linaonesha mishipa myekundu imetandaa kama miguu ya buibui. Lisilo na kitu linang'aa lote, manjano, tupu. Watu wa huku wakipata yai la namna hiyo wanasema jike limetaga viza. Mwalimu hakulisema neno hilo. Alilitenga pembeni akasema, "Hili halina baba."

"Si tuseme tu limeharibika, Mwalimu?"

"Halijaharibika. Mama yake kamaliza kazi yake yote. Kaweka kiini, kaweka ute, kaweka ganda. Kuna mtu hakuleta chake."

Asubuhi moja ya kiangazi alikuja binti kutoka Geita na tenga tupu. Alikuwa mpole, amefunga khanga mbili, vumbi la safari mpaka kwenye kope.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Wewe nakujua."

"Ulinifundisha, Mwalimu. Nilikaa dirishani."

Kwao ni Shinyanga vijijini, alisema, ila ameolewa Geita. Mumewe amesikia habari za bata wakubwa wa Isaka, amemtuma achukue madume. Mwalimu akamuuliza mume ni nani. Binti akamtaja kama wanavyomtaja wote, Mwenye Duara, ingawa duara hana tena.

Mwalimu alikuwa anachambua mchicha. Mikono yake haikusimama.

"Ana bata gani sasa?"

"Wale weupe wa kawaida. Anasema wadogo, wanamtia aibu."

"Na nyie mna watoto?"

Binti akatazama tenga lake. "Bado, Mwalimu."

Mwalimu akaenda bandani. Akamkamatia Mheshimiwa mwenyewe, na mdogo wake Mheshimiwa, na mwingine wa uso mwekundu. Akawafunga miguu kwa kamba laini.

"Mwambie madume wake weupe awachinje wote, hawa wanatosha. Na watoto wa hawa wakikua, atawapenda sana. Mwache awapende."

Binti alipoondoka nilimkuta Mwalimu ameketi kwenye ukingo wa birika, anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

"Umempa hata Mheshimiwa?"

"Mpangaji, bata wa uso mwekundu na bata mweupe si aina moja. Wanafanana kutembea tu. Ukiwachanganya, wanatoka watoto wakubwa, wanene, wazuri ajabu. Madume yao yanapanda kuliko baba zao. Lakini hakuna kifaranga atakayetoka kwao, milele. Ni kama mtoto wa punda na farasi. Ukoo unaishia hapo."

"Na yeye hajui."

"Yeye anajua kwamba dume likipanda, limezalisha." Akasimama. "Ndicho anachojua tangu nimfahamu."

Sikucheka. Nilikuwa nimemwona yule binti akipanda gari na tenga lake, na kitu kikanikwaruza moyoni, lakini sikujua kukitaja.

Habari zilianza kufika nzuri. Kizazi cha kwanza kilitoka kama alivyosema, bata wakubwa ambao watu walisimama barabarani kuwatazama. Mwenye Duara aliwala wale wa zamani wote, weupe na wenye nyuso nyekundu, Mheshimiwa akiwemo, akabaki na hao wapya. Aliwaonesha wageni kama alivyokuwa akionesha mawe ya dhahabu. Kisha majike yale mapya mengine hayakutaga kabisa, na mengine yakataga vijiyai vidogo, na vijiyai vikakaa chini ya majike mpaka vikaoza. Akachinja majike. Akaleta weupe wengine, akawaingiza kwa madume yale yale. Wale wakataga vizuri, na kuatamia vizuri, na hakuna kilichotoka.

Mwalimu alizipokea habari hizo kwa wasafiri, na kila mara alitengeneza chai nzito akanywa peke yake, polepole. Naweza kusema ulikuwa msimu wake wa furaha.

Ukaisha siku binti alipopiga simu. Mwalimu aliweka sauti ya juu kwa sababu alikuwa na mikono ya unga. Binti alikuwa analia bila kelele. Ulisikia tu pumzi.

"Mwalimu, amesema ni mkono wangu. Amesema mwanamke asiyezaa akigusa mayai yanakufa. Amewaambia ndugu zake mimi ni duara kavu, nimeanza kukausha mpaka mifugo. Jumapili ananirudisha. Anamdai baba ng'ombe wake."

Unga ulimdondoka mikononi.

"Baba ni mzee, Mwalimu. Atawaswaga mwenyewe, namjua."

Simu ilipokatika niliongea ingawa sikuulizwa. "Ulimlenga yeye, umempiga binti."

"Naona."

"Ungemwambia siku ile."

"Naona, Mpangaji! Mimi si kipofu." Alikaa chini kwenye sakafu, buti na vyote. Baadaye akachukua simu, akampigia binti, na sauti yake ilikuwa ya darasani. "Barabara ya kwenu inapita Isaka. Mkifika hapa mwambie kwamba mwenye bata anajua ugonjwa wa bata wake. Usiseme jina langu. Sema mama wa bata."

Jumapili tulirudi kutoka Misa, Mwalimu hajavua hata viatu vya kanisani, gari ndogo ya mizigo ikasimama nje. Mzee mwenye kofia na mkongojo, Mwenye Duara mwenyewe, akapiga hodi. Nyuma yake binti, amebeba begi lake lote.

"Ndipo kwa mama wa bata?"

"Ndipo. Ingia."

Alitoka juani, kwa hiyo macho yake yalichelewa. Sauti ndiyo aliyoitambua. Alisimama katikati ya sebule, mkongojo umening'inia.

"Kumbe ni wewe."

"Ni mimi. Kaa."

"Sikujua."

"Ungejua usingekuja."

"Nisingekuja," alisema, akakaa. Niligundua Mwalimu hakumpa maji. Alimpa maji kila mtu aliyeingia nyumba ile, hata mgambo.

Mzee alitazama ukutani. "Bata wako wamenidhalilisha. Mayai hayatoki. Nimechinja majike, nimeleta mengine, nayo vilevile. Mwisho nikasema ni mkono wa huyu."

"Na madume?"

"Madume hawana neno. Wanapanda kutwa kucha."

"Ulibadilisha dume hata mmoja?"

"Kwa nini nibadilishe dume?" Aliuliza kwa mshangao wa kweli kabisa, na binti akainamisha uso haraka.

Mwalimu akamweleza. Hakupamba wala kuzungusha, alieleza kama alivyonieleza mimi birikani: aina mbili, watoto wakubwa, ukoo unaoishia hapo. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Damu ikampanda shingoni.

"Ulijua ukanipa?"

"Uliomba bata wakubwa. Nilikupa bata wakubwa."

"Nimechinja majike yote yale!" Akapiga mkongojo sakafuni. "Majike mazima! Kumbe dume ndilo gumba!"

Neno hilo lilikaa sebuleni. Nadhani yeye mwenyewe alilisikia akiwa wa mwisho. Mwalimu aliegemea mbele.

"Weka m mbele."

"Nini?"

"Hilo neno lako. Gumba ni la bata. Weka m mbele, liwe la mtu."

"Mgumba," binti alisema, taratibu, kama mwanafunzi aliyekaa dirishani.

"Mgumba ni mwanamke," mzee akasema.

"Nani kakwambia? Lina m tu mbele, kama mgeni, kama mzee, kama mwizi. Halijavaa sketi."

"Mimi sikuja darasani, mayu."

"Usiniite mayu, mimi si mama yako. Ulikuja kuuliza kwa nini mayai hayatoki. Mimi nimejibu. Sasa na wewe nijibu. Daktari alisema uje, ukakataa. Umerudisha mabinti wa watu mmoja baada ya mwingine, leo umembeba na huyu. Mpangaji yupo, mkeo yupo. Sema."

Nilitarajia asimame atukane. Alikuwa na uso wa mtu wa kutukana. Badala yake alivua kofia akaanza kuizungusha mikononi, na nikaona kichwa chake kimekuwa cha mzee kweli.

"Nilienda," alisema.

"Wapi?"

"Hospitali. Si pale, Mwanza. Sikumwambia mtu. Nikapimwa." Aliizungusha kofia. "Wakaniambia ni mimi."

Binti aliweka begi chini. Mwalimu hakusogea. Maneno aliyoyangoja ujana wake wote na uzee wake yalikuwa yamefika, na niliona hayakumtosha. Macho yake yalikuwa yanatafuta kitu nyuma ya maneno hayo.

"Lini?" akauliza.

Mzee aliitazama kofia.

"Nakuuliza. Kabla ya ng'ombe wa baba, au baada?"

Nje lori lilipita, vikombe vikatikisika kabatini, mlio ukaisha.

"Kabla," alisema.

Niliogopa kwamba Mwalimu angempiga, na kama angempiga nisingemzuia. Alimgeukia binti.

"Umesikia?"

"Nimesikia, Mwalimu."

"Mpangaji?"

"Nimesikia."

"Ng'ombe wa baba yake huyu hawatoki zizini kwake. Hata ndama. Ukiwadai, sisi watatu tutakuja kwenu siku ya mnada, na mimi najua kuongea mbele ya watu, ndiyo kazi niliyofanya."

"Hawatoki," mzee alisema.

"Na kwa ndugu zako umrudishie binti jina lake."

"Nitasema nao."

Akainuka kwa shida. Binti naye akainuka, kwa mazoea tu, mkono ukaenda kwenye begi. Kisha akaliacha, akakaa tena. Mzee alimwangalia, akaona amekaa, akaelekea mlangoni. Pale kizingitini aligeuka.

"Mama," alisema, sauti ya chini, "nisamehe."

"Kamwombe baba," Mwalimu alisema. "Kaburi liko njiani, pale alipokuwa akipitisha ng'ombe."

Alivaa kofia, akatoka juani. Mwalimu alivuka sebule na viatu vyake vya kanisani, akaufunga mlango nyuma yake.